Ikulu Inayofia Paani: Jumba la Magavana wa Kireno Kisiwani Msumbiji

Kisiwa cha Msumbiji hakina mto wala chemchemi. Ni kipande cha matumbawe chenye urefu wa kilometa 3 na upana usiozidi nusu kilometa, na ukichimba kisima humo unapata maji ya chumvi. Wenyeji wanakiita Omuhipiti. Wareno walikiandika Ilha de Moçambique, jina linalosemwa limetokana na sheikh waliyemkuta hapo, Musa Mbiki, na ndilo lililoishia kuwa jina la nchi nzima. Anayekwenda kutazama ikulu ya zamani ya magavana huvutwa kwanza na kuta zake nyekundu, au na sanamu ya Vasco da Gama iliyosimama mbele yake. Ningemshauri aanze na mapaa ya mji. Huko juu ndiko majengo yale yalikoishi, na huko ndiko yanakofia.

Mapaa ya mji wa mawe ni bapa, yenye mteremko mdogo sana unaopeleka maji kwenye milizamu, na milizamu inayashusha mpaka birika lililo chini ya nyumba au uani. Ngome ya São Sebastião, iliyoanza kujengwa mwaka 1558 kwenye ncha ya kaskazini, ilihimili kuzingirwa na Waholanzi mwaka 1607 na 1608, na birika lake lilikuwa silaha kama mizinga yake. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 200 za mraba likinyeshewa milimita 30 linakusanya lita 6,000. Toa maji ya kwanza yaliyosafisha vumbi na yaliyofyonzwa na chokaa, unabaki na kama 5,000. Nyumba ya watu 10, kila mmoja lita 20 kwa siku, inaishi siku 25 kwa mvua moja.

Kwa hiyo paa lilikuwa kisima. Na kisima hakiachwi kichafu. Lilifagiwa kabla ya masika, likapakwa chokaa, mlizamu ukazibuliwa, ufa ukazibwa mara tu ulipoonekana, maana maji yaliyopotelea kwenye ufa yalikuwa maji ya kunywa. Hakuna aliyefanya hayo kwa kupenda historia. Walifanya kwa sababu ya kiu. Ukilishika hilo, mengine yote kuhusu jumba hili yanaeleweka.

Wareno walifika mwaka 1498, na miaka ya kwanza ya karne iliyofuata wakajenga kigome kidogo walichokiita São Gabriel, upande wa magharibi unaotazama bara, palipo na maji matulivu ya kutia nanga. Ngome kubwa iliposimama, kile kidogo kikakosa kazi, na katika karne ya 17 Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, wakajenga chuo na kanisa papo hapo. Mwaka 1759 Lisbon, yaani serikali ya Ureno, ikawafukuza Wajesuiti katika milki zake zote. Jengo likabaki bila mwenyewe, na magavana wakahamia. Ndiyo maana ikulu hii ina umbo la ajabu kidogo kwa ikulu: ni nyumba ya watawa iliyovishwa joho la serikali. Kuna ua wa ndani, kuna kanisa lililoshikamana nayo ambalo bado lina mimbari ya mbao iliyochongwa kwa wingi wa sura za watu na wanyama, na kuna ghorofa ya chini ya mabohari na ya juu ya makazi, mpango ambao hata tajiri wa Unguja au Lamu angeutambua mara moja.

Wakati magavana wanaingia humo, Msumbiji ilikuwa imeachana na utawala wa Goa, koloni la Wareno huko India, miaka michache tu nyuma, mwaka 1752. Samani zilizobaki ndani zinasimulia uhusiano huo vizuri kuliko hati: viti na makabati ya mbao nzito yaliyochongwa kwa mkono wa Kihindi kwa ladha ya Kireno. Fedha iliyolipia anasa hiyo ilitoka kwanza kwenye pembe za ndovu, halafu kwenye watu. Meli São José Paquete de Africa iliondoka hapa Desemba 1794 ikiwa na mateka zaidi ya 500 wakipelekwa Brazil. Ikavunjika karibu na Cape Town kabla mwezi haujaisha, na zaidi ya 200 kati yao wakafa maji. Lisbon ilipopiga marufuku usafirishaji wa watumwa mwaka 1836, gavana aliyekuwapo aliisimamisha amri hiyo isitekelezwe. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba jumba hili ni zuri, nakubali, ila uzuri huo una ankara yake na tunajua waliolipa.

Kuanguka kwake hakukuja kwa vita. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kisiwa, kituo cha meli zinazosubiri upepo wa kusi, kikapoteza maana. Mwaka 1886 dhahabu ikagunduliwa Witwatersrand, Afrika Kusini, na kufikia 1895 reli ilikuwa inaunganisha Pretoria na bandari ya Lourenço Marques, kilometa nyingi kusini. Makao makuu yakafuata fedha: mwaka 1898 Lourenço Marques, Maputo ya leo, ikawa mji mkuu. Kisiwa kikabaki na gavana wa wilaya tu, mpaka miaka ya 1930 Nampula ilipomchukua huyo naye. Kisha Nacala, yenye kina kirefu cha bandari, ikachukua meli.

Jumba lenyewe halikuachwa likaota magugu sebuleni. Leo ni makumbusho, na lina bahati kuliko majirani zake. Lakini serikali iliyokuwa ikiishi ndani yake iliondoka, na pamoja nayo ikaondoka bajeti ya chokaa. Makazi ya gavana mkuu yana mafundi waashi wa kudumu. Jengo la heshima lina mlinzi mwenye funguo. Hiyo ndiyo tofauti.

Nyumba za wafanyabiashara zilizoizunguka ndizo zilizopigwa zaidi. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa na asili ya Kihindi. India ilipoichukua Goa Desemba 1961, Ureno ililipiza kwa kuwaweka kizuizini na kuwafukuza raia wa India waliokuwa Msumbiji. Ikaja miaka hiyo hiyo daraja refu la kuelekea bara, na maji ya bomba. Uhuru ulipopatikana Juni 1975, Wareno waliobaki wakafunga masanduku, na Februari 1976 serikali ikataifisha nyumba za kupangisha. Siilaumu hatua hiyo kwa nia yake, maana watu walikuwa hawana pa kulala. Ila mpangaji wa chumba cha chini hana sababu ya kupanda paani, na mwenye kulala juu hana fedha ya chokaa. Bomba lilikuwa limeshawaondolea kiu. Birika likawa shimo la taka, na paa likaacha kuwa kisima.

Sasa tuje kwenye ufundi, maana wageni wengi husema "jengo limechoka" kana kwamba uchovu ni ugonjwa.

Paa la aina hii limeundwa hivi. Boriti za mikoko, au mihimili mikubwa ya mbao ngumu pale chumba kinapokuwa kipana, hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Boriti ya mkoko ya kawaida ina unene wa sentimita 11 hadi 14, na haiaminiki kuvuka zaidi ya mita 2.8 hivi, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani yote ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mabamba ya matumbawe, juu yake zege la chokaa na vijiwe, unene wa sentimita 20 au zaidi, na mwisho tabaka laini lililopigwapigwa kwa vipande vya mbao siku kadhaa mpaka linabana. Pwani yetu kazi hiyo ilikuwa na nyimbo zake. Ukipiga kidogo, tabaka linabaki na vinyweleo; ukipiga likiwa limeshakauka, unalipasua.

Mchana chokaa hupata joto na kutanuka, usiku hupoa. Kila mwaka hujitokeza nyufa nyembamba kama unywele, hasa pale paa linapokutana na ukuta wa ukingo. Nyufa hizo si kasoro, ni tabia ya chokaa, na dawa yake ni maji ya chokaa kabla ya mvua, mikono mitatu au minne myembamba, yaani tabaka moja juu ya jingine. Usipopaka, mvua ya kwanza inapita. Maji hayadondoki moja kwa moja chini. Yanasafiri juu ya mabamba mpaka ukutani na kukusanyika kwenye vichwa vya boriti, pale zilipozama ndani ya ukuta sentimita 15 au 20. Huko hakuna hewa, na kuvu hustawi. Boriti inaoza kuanzia ncha.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika. Ukisimama chini na kutazama dari, katikati ya boriti panaonekana pazima, na ukigonga panalia kavu. Pagonge karibu kabisa na ukuta. Chukua bisibisi au msumari mrefu uusukume kwa mkono pale boriti inapoingia: ukizama zaidi ya sentimita 1 bila nyundo, boriti hiyo imebaki jina. Dalili nyingine ni ufa mnyoofu kwenye lipu ya dari ukifuata ukuta, alama ya kahawia inayopanuka kila masika, na vilima vidogo vya mchanga mweupe sakafuni. Mchanga huo ni chokaa kutoka juu, na ukiuona mbichi, toka chumbani. Kupanda juu ya paa la namna hiyo ni kujitakia. Ushauri wa kawaida wa majengo mabovu, kwamba utembee ukingoni karibu na ukuta, hapa haufai, kwa sababu ukingoni ndiko kulikooza.

Paa likishaanguka hufuata jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kifusi cha zege la chokaa, lenye uzito wa karibu kilo 1,800 hadi 2,000 kwa mita moja ya ujazo, hutua kwenye sakafu ya ghorofa na kukaa hapo kikiwa kimelowa kama sponji, nayo boriti zake zinaanza safari ile ile. Kuta, zilizokuwa zimeshikwa na sakafu pande zote mbili, zinabaki zimesimama peke yake kwa kimo cha ghorofa mbili. Ni nene, nusu mita na zaidi, lakini ndani si jiwe moja: ni nyuso mbili za mawe na katikati vijiwe vilivyojazwa kwa chokaa hafifu na udongo. Mvua ikiingia kutoka juu inaukokoa ujazo huo, tumbo la ukuta linatoka nje, na mbegu ya mti wa jamii ya mkuyu iliyoachwa na ndege inapata nyumba. Mizizi ikishakuwa minene kama mkono, usiing'oe. Ikate karibu na ukuta, iue kwa dawa, iiache ndani ikauke. Ukiivuta inakuja na ukuta.

Upande wa chini kazi inafanywa na chumvi. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi ya bahari, hukaukia usoni mwa ukuta, kwa kawaida kimo cha kiuno hivi, na fuwele zake zikikua ndani ya vinyweleo vya jiwe zinalisaga kuwa unga. Lipu ya chokaa hujitoa mhanga hapo: inaharibika yenyewe badala ya jiwe, unaibandua, unapiga nyingine kila baada ya miaka kadhaa. Fundi akiona inabanduka mara kwa mara anasema chokaa ni dhaifu, anapiga saruji. Saruji haipumui. Unyevu unaendelea kupanda mpaka juu ya mpaka wa saruji, na mwaka wa tatu au wa nne doa lililokuwa kiunoni liko mabegani, huku saruji ikiwa inalia tupu ukiigonga kwa sababu jiwe lililo nyuma yake limeshakuwa mchanga. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kilichoharibu nyumba nyingi zilizokusudiwa kuokolewa, nitataja saruji, kabla ya bahari na kabla ya umaskini.

Kosa la pili ni kubadilisha paa la boriti kwa zege la nondo. Karibu na bahari chumvi inapenya zege jembamba, nondo zinaota kutu, kutu ina ujazo mkubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, na zege linapasuka kwa chini. La tatu ni la watu wenye nia njema kabisa: kuongeza tabaka jipya juu ya la zamani kila linapovuja. Kila sentimita 5 zinaongeza kilo 90 hadi 100 kwa mita ya mraba, juu ya boriti ambazo vichwa vyake vimeoza tayari. Kabla ya kuongeza, ondoa.

Ukarabati unaofaa ni wa polepole, na sehemu kubwa yake ni kusubiri. Paa linashikiliwa kwanza kwa mirunda kutoka chini, ikianzia sakafu ya ardhini na kupita kila ghorofa mahali pamoja, si kusimamishwa juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza tu. Boriti hubadilishwa moja moja, au kuongezewa mwenzake pembeni, na kichwa kinachoingia ukutani kiachiwe nafasi ya sentimita 2 au 3 za hewa pande zake. Chokaa ya matumbawe huchomwa karibu nyuzi 900 za Selsiasi: kilo 100 za matumbawe safi hutoa kilo 56 za chokaa hai, ambayo ikinywa maji kilo 18 inakuwa kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Hiyo ni hesabu ya kemia. Tanuru la magogo ufukweni hutoa pungufu, na huacha punje ambazo hazikuiva. Tia chokaa kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye chokaa hai, kwani huchemka na kurusha, na jicho lililorukiwa huenda lisipone. Pitisha kwenye chekeche la milimita 3, halafu iache chini ya maji miezi 3 kwa uchache. Punje zilizochelewa kuzimika zikiingia ukutani zitavimba baadaye na kukutolea lipu vishimo kama ndui.

Siku hizi kukata mikoko na kuchoma matumbawe hai ni madhara tusiyoyahitaji, na chokaa ya mfuko inafaa mradi uiloweke siku nzima kabla ya kuchanganya. Lipu: sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Mchanga wa mto au uliooshwa kwa maji baridi. Wa ufukweni unakuletea adui ndani ya nyumba. Paani, na popote panapolowa sana, ongeza unga wa matofali yaliyochomwa, nusu sehemu mpaka moja, ili chokaa igande hata pasipo hewa ya kutosha. Kila mkono usizidi milimita 10, na uufunike kwa magunia mabichi siku 3 au 4. Lipu iliyokauka kwa jua siku ya kwanza haijaganda, imenyauka tu, na utaikwangua kwa ukucha.

Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1991, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba mbinu zile zile, vifaa vile vile na nakshi zile zile zilitumika bila kukatika tangu karne ya 16. Sifa hiyo ina upande wa pili: majengo yote yana udhaifu ule ule. Hata Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883 la matumbawe na chokaa lililoongezewa chuma, sehemu yake ilianguka siku ya Krismasi mwaka 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafa. Kimbunga Gombe kilitua Mossuril, ng'ambo tu ya kisiwa, Machi 2022, na Jude kikapita eneo hilo hilo Machi 2025. Upepo haulibebi paa la chokaa kama unavyobeba bati. Shida yake ni mlizamu ulioziba: maji yakituama sentimita 10 tu, umeweka kilo 100 kwenye kila mita ya mraba, usiku mmoja.

Kusini mwa ikulu mji unabadilika ghafla. Mawe yanakwisha na yanaanza makuti, na Wareno hawakutafuta neno lao: waliuita mji wa Macuti. Ukiuendea kutoka upande wa mawe, unashuka. Mitaa mingine iko chini ya kiwango cha barabara kwa mita kadhaa, kwa sababu huko ndiko mawe yalikochimbwa ya kujengea majumba ya kaskazini, na waliochimba, na wajukuu wao, wakajenga nyumba zao mle mle shimoni. Maji ambayo mapaa ya mawe hayayakusanyi tena hayana birika la kwenda. Mvua kubwa ikinyesha, yanateremka huko, na watu wa Macuti wanayachota kwa ndoo kutoka sakafuni.